Jinsi ya kwenda soko la Kilombero, Arusha, na kurudi na ulichokifuata tu

Oya wanangu wa Arachuga, kila mtu anasema "mi matangazo hayanipati". Ukiwa unalitolea macho kweli halikupati, linakupata ukiwa kwenye haisi ya Ngaramtoni unawaza kodi ya nyumba huku redio inaimba jina la sabuni mara ya kumi leo. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba kukutana na kitu mara nyingi tu kunatosha mtu akaanza kukipenda, ndo maana dukani mkono unaenda wenyewe na unaapa umechagua mwenyewe.

Sasa fanya hivi. Kabla hujatoka home andika listi, na pembeni ya kila kitu andika bei unayoona wewe ni ya haki, KABLA hujaulizia. Hapa ndo wengi tunapigwa. Mi nilikuta sabufa imeandikwa 180,000 imechorwa mstari, chini yake 119,000, kichwani nikahesabu nimeokoa 61,000 wakati asubuhi sikuwa hata na wazo la sabufa, nikatoa hela ya ada nikabeba. Ile bei ya juu kazi yake ni kukaa kichwani mwako tu, ya chini ionekane ya kutupwa.

Kingine, tangazo likikuacha unajiona mchafu au mshamba, jiulize hii aibu nimeamka nayo au nimepewa sasa hivi? Listerine ilitengenezwa 1879 kama dawa ya kuulia vijidudu kwenye upasuaji, kufika miaka ya 1920 matangazo yake yakawa yanawatisha watu kuhusu harufu ya mdomo, yaani unapewa ugonjwa kwanza halafu unauziwa dawa. Krimu za kung'arisha sura huko Insta mchezo ni uleule, we bonyeza vidoti vitatu uwaambie hutaki kuziona.

Na usiende sokoni na njaa, wala na mtoto mwenye njaa, hapo sina la kuongeza.

Mwisho, kitu hakipo kwenye listi? Mwambie muuzaji "ngoja nizunguke", si wote tunasemaga hivyo na haturudi, ila wewe zunguka siku tatu kweli, ukibaki unakitaka rudi ununue kwa amani. Ile sabufa yangu saa hizi wife kaiwekea chungu cha maua.