Kutia krimu kwenye kahawa: ladha inavyobadilika, na jinsi ya kuipata kwa maziwa, nazi au korosho

Kahawa ya kijiweni, iwe Mikindani au Lindi mjini, hunywewa chungu, kwa kikombe kidogo, kashata pembeni. Hiyo haihitaji krimu na hatushauri uitie. Maelezo haya ni ya kahawa ya nyumbani au ya mgahawani, kile kikombe kikubwa cha asubuhi ambacho wengi hukimiminia maziwa mpaka kahawa yenyewe haisikiki tena. Krimu kidogo hufanya kazi ambayo maziwa mengi hayawezi kuifanya, mradi ujue inagusa nini.

Kinachobadilika mdomoni

Anza na maji. Maziwa ya ng'ombe yasiyoondolewa mafuta yana mafuta takriban asilimia 3.5, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Krimu nyepesi ina mafuta asilimia 18 hadi 20. Ile nzito ya kupigia keki huanzia 30 na kuendelea. Sasa chukua kahawa mililita 150. Ukiitia maziwa mililita 60, umeongeza gramu 2 hivi za mafuta, na kahawa imebaki asilimia 71 tu ya kikombe. Ukiitia krimu nyepesi mililita 15, yaani kijiko kimoja cha chakula, umeongeza gramu 3 za mafuta na kahawa bado ni asilimia 91. Kikombe cha pili ni kizito zaidi mdomoni, kina kahawa zaidi, tena hakijapoa.

Halafu kuna uchungu na ukakasi, na hivi ni vitu viwili. Ukakasi ni ile hali ya ulimi kukauka na kukwaruza baada ya kumeza. Protini ya maziwa iitwayo kaseini hushikana na viambata vinavyoleta ukakasi kabla havijaufikia ulimi, na ndiyo sababu maziwa na krimu huuondoa haraka. Mafuta nayo hutanda juu ya ulimi na kuupunguza makali uchungu. Uchachu pia hufifia, na hapa ndipo watu hupoteza bila kujua: kahawa ya aina ya Arabika iliyokaangwa kidogo, yenye ule uchachu wa matunda, ikitiwa krimu hubaki haina hili wala lile. Kahawa ya namna hiyo inywe kavu.

Harufu nayo hupungua. Viambata vingi vya harufu ya kahawa hupenda mafuta, kwa hiyo krimu huvishika na kuvitoa polepole. Puani utasikia kidogo kuliko kwenye kahawa kavu. Na ule utamu unaousikia baada ya kutia krimu hautokani na sukari, maana krimu ina sukari ya maziwa kidogo hata kuliko maziwa yenyewe. Ni uchungu uliopungua. Kwa hiyo onja kwanza, sukari baadaye. Wengi watajikuta wanahitaji nusu ya waliyozoea.

Kahawa ya kuanzia

Kwa krimu, tumia kahawa iliyokaangwa ikakolea. Aina ya Robusta ya Kagera inavumilia krimu kuliko nyingine: ni chungu na ina kafeini karibu mara mbili ya Arabika. Arabika ya Mbinga, ambayo kwa watu wa kusini ndiyo ya karibu kwa barabara ya Masasi, Tunduru na Songea, nayo inafaa ikiwa imekaangwa wastani au zaidi.

Ipike nzito kuliko kawaida. Kipimo cha kawaida ni gramu 12 kwa mililita 200 za maji. Ukijua utatia krimu, weka gramu 15, yaani vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa. Maji yachemke, uyaache nusu dakika, mimina, funika dakika 4, kisha chuja vizuri. Usiichemshe kahawa robo saa ukitegemea krimu irekebishe. Krimu itaondoa ukakasi, lakini ladha ya kuungua haifichiki. Angalia na maji: ya kisima cha karibu na bahari yakiwa na munyu, kahawa itakuwa imeharibika kabla ya krimu kufika.

Tui zito la nazi

Hili ndilo linalopatikana kirahisi huku pwani, na ndilo linaloharibiwa zaidi. Chukua nazi moja iliyokomaa, ikune, tia maji ya vuguvugu mililita 120, sugua kwa mkono dakika mbili, kamua kwa kifumbu, kisha pitisha tena kwenye kitambaa safi, maana chembe za chicha huelea juu ya kahawa na kukwama kooni. Hilo la kwanza ndilo la kahawa. Tui jepesi la mkamuo wa pili lipeleke kwenye mboga; kwenye kahawa linaongeza maji tu.

Nazi haina kaseini. Inafunika uchungu kwa mafuta, lakini ukakasi inauacha ulivyo. Kwa hiyo kahawa ya kutia tui isagwe kwa chembe kubwa kidogo na ikae kwenye maji dakika 3 badala ya 4. Anza na vijiko vitatu vya chai vya tui kwa mililita 150. Punje chache za chumvi husaidia sana, kwa sababu chumvi kidogo hupunguza uchungu. Ukiisikia chumvi yenyewe, umezidisha.

Kukatika kwa tui ndiko kunakowakatisha watu tamaa. Unamimina tui baridi kwenye kahawa inayofoka mvuke, na punde juu kunatokea vijicho vya mafuta vinavyong'aa, huku chini yake vipande vyeupe vikizunguka bila kuchanganyika. Sababu ni joto: protini za nazi zinazoshikilia mafuta na maji pamoja huganda kahawa ikiwa karibu na kuchemka, na mafuta hujitenga. Fanya hivi: pasha tui kwa moto mdogo ukilikoroga mfululizo mpaka lianze kutoa mvuke, liepue kabla halijachemka. Acha kahawa itulie dakika 3. Weka tui kwenye kikombe kwanza, kisha mimina kahawa juu yake kwa mkondo mwembamba huku ukikoroga. Likishakatika, sekunde 20 kwenye blenda hulirudisha kwa muda wa kutosha kunywa. Tui lililokatika halina madhara likiwa bichi. Likinuka uchachu, mwaga. Kwa joto la Mtwara usiliache mezani zaidi ya saa mbili. Kwenye friji linakaa hadi siku mbili, au ligandishe kwenye trei ya barafu utoe kipande kimoja kimoja.

Krimu ya korosho

Kwa maoni yetu hii ndiyo inayoifaa kahawa kuliko tui, na inashangaza kwamba katika mikoa ya korosho watu hawaitumii zaidi. Haina harufu kali ya nazi, kwa hiyo kahawa inabaki mbele. Tumia gramu 100 za korosho nyeupe zilizobanguliwa, zisizokaangwa wala kutiwa chumvi. Zilizovunjika zinafaa sawasawa na ni nafuu. Loweka kwenye maji ya moto kwa saa moja, mwaga maji hayo, saga na maji safi mililita 200 kwa dakika mbili, chuja.

Korosho ina wanga mwingi, hivyo ukiichemsha inakuwa uji. Usiipike pamoja na kahawa sufuriani. Itie kikombeni mwishoni, vijiko viwili hadi vitatu vya chai, ukoroge. Ikikaa itajitenga, tikisa chupa kabla ya kumimina. Friji inaihifadhi siku tatu.

Malai na maziwa ya unga

Aliye na maziwa ya ng'ombe achemshe lita moja, ayapoze, ayaweke kwenye friji usiku kucha, na asubuhi aengue kilicho juu, ndiyo malai. Utando wa juu ni mgumu na hauyeyuki, kwa hiyo upige kwa uma pamoja na maziwa kidogo, au uchuje. Maziwa ya unga yayeyushe kwanza kwa maji ya vuguvugu, vijiko viwili vya chakula kwa vijiko vitatu vya maji. Ukiyamwaga makavu kwenye kahawa ya moto yanafanya mabonge.

Krimu ya maziwa ikikatika, sababu kwa kawaida ni kwamba ilishaanza kuchacha. Kahawa ina asidi, na kaseini huganda asidi inapozidi kiasi fulani. Krimu mbichi huvumilia, ile iliyoanza kuchacha huwa imebakiza hatua ndogo tu, na joto linaimalizia. Umeme ukiwa ulikatika usiku, jaribu kijiko kimoja kwenye kahawa kidogo kabla ya kuharibu birika zima.

Sababu nyingine ni tangawizi. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na kuitwanga moja kwa moja ndani ya kahawa yenye maziwa ni kutafuta jibini. Chemsha tangawizi kwenye maji dakika 5 kwanza, kimeng'enya kife, kisha kahawa, na krimu mwisho. Iliki na mdalasini hazina shida hiyo.

Kupata kipimo chako

Pika birika moja, gawa vikombe vitatu vya mililita 150. Cha kwanza kiache kavu, cha pili tia kijiko kimoja cha chai cha krimu, cha tatu vijiko vitatu. Anza na kile kikavu, usitie sukari, na usukutue mdomo kwa maji kati ya kikombe na kikombe, la sivyo mafuta ya cha tatu yatakudanganya ukirudi kwenye cha pili. Kama cha tatu ni kizito mno lakini cha pili bado kinakwaruza ulimi, usiongeze krimu. Punguza dakika moja kwenye muda wa kahawa kukaa majini, kisha onja upya.