Namna ya Kukagua Sigara Nene za Kuba Zinazouzwa Mkononi Mtwara

Anayeuziwa sigara nene za Kuba mkononi, iwe Shangani au karibu na bandari ya Mtwara, kwa maelezo yaleyale kwamba zimeshushwa na baharia, aanze na boksi kabla ya kusikiliza bei. Boksi lenye mfuniko wa kioo lirudishwe papo hapo, kwa kuwa Habanos S.A., kampuni inayosambaza sigara hizo duniani, haitoi boksi la namna hiyo.

Kisha boksi la mbao ligeuzwe. Chini yake maneno «Hecho en Cuba» (imetengenezwa Kuba) na «Totalmente a mano» (kwa mkono mtupu) huwa yamechomwa kwa chuma cha moto, hivyo ukipitisha kidole utahisi mbonyeo. Yaliyobandikwa kwa karatasi yatiliwe shaka. Hapohapo hugongwa muhuri wa wino wenye msimbo wa kiwanda, mwezi na mwaka wa kufungashwa, na mwezi huo hufupishwa kwa Kihispania, kwa mfano ENE kwa Januari. Stempu ya dhamana inayobandikwa kwenye boksi, ya kijani na nyeupe, hughushiwa pia, tena vizuri, kwa hiyo isitoshe peke yake.

Sigara zenyewe zilingane rangi na urefu. Muuzaji akikubali moja ikatwe, ambalo ni nadra, ndani kwa kawaida ukute majani marefu yaliyokunjwa, si makapi ya tumbaku.

Sigara mojamoja isiyo na boksi haina cha kukagua zaidi ya pete yake ya karatasi, nami nisingeilipia bei ya Kuba.