Tao la Kirumi kwa mawe ya Nyiragongo

Hapa Goma mawe ya volkano ya Nyiragongo tunayakanyaga kila siku, lakini juu ya mlango bado tunaweka linto ya simenti na vyuma vya bei kali. Warumi walipitisha ukuta juu ya uwazi kwa mawe matupu yaliyopangwa kwa upinde, yaani tao. Pont du Gard, daraja la Kirumi kule Ufaransa, ina kimo cha mita 49 hivi, na matao yake makubwa yamekaa karibu miaka 2,000 bila chokaa katikati ya mawe. Mimi ni fundi mwashi, na kila ninapolifikiria daraja lile natamani kushika nyundo.

Tuchukue mlango wa mita moja. Piga msumari sakafuni, funga kamba ya sentimita 50, chora nusu duara. Kisha nyingine ya sentimita 75. Gawa katika mafungu 11. Lazima idadi iwe witiri, ili jiwe moja likae katikati kabisa. Kila jiwe litakuwa na upana wa sentimita 13 chini na 20 juu, ukiacha nafasi ya udongo wa simenti. Kata ubao kwa kipimo hicho, uufuate kwa kila jiwe. Chagua jiwe zito; lile lenye matundu mengi kama sega la nyuki, waachie wa ukuta wa ua.

Fundi seremala akutengenezee kalibu ya mbao ya nusu duara, ya kubeba mawe wakati wa kujenga. Iweke juu ya nguzo, na chini ya kila nguzo chomeka kabari mbili. Panga mawe kutoka pande zote mbili kwa zamu, moja kushoto, moja kulia, la sivyo kalibu itaegemea upande mmoja. Jiwe la katikati liingie mwisho, kwa kugongwa taratibu.

Sasa sikiliza vizuri. Tao halilali, linasukuma miguu yake nje. Tao langu la kwanza, kwenye geti moja la mtaa wa Himbi, nililisimamisha juu ya nguzo za sentimita 30 zisizoshikwa na ukuta. Nguzo ya kulia ilifunguka, tukabomoa kila kitu. Tangu siku ile sianzi bila ukuta mnene kila upande.

Ngoja wiki mbili, halafu legeza kabari kidogo kidogo, pande zote pamoja. La pili nililolijenga, kabari ya mwisho ilipotoka, mawe yalilia mara moja, kavu, yakakazana. Mwenye nyumba alipitisha mkono kati ya mbao na mawe, akaona hewa.