Proksi Ikikataa Nenosiri: Pa Kuanzia

Programu yako ya kukusanya bei za mahindi mtandaoni ikikwama kwa kosa la 407, usiilaumu tovuti. Ni proksi yenyewe, yaani seva ya kati inayopitisha maombi yako kwenda kwenye tovuti, inayodai jina na nenosiri. Kosa la 401, la kudai utambulisho, ndilo hutoka kwenye tovuti. 403, yaani umekatazwa kuingia, yaweza kutoka upande wowote.

Kwanza weka programu kando. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) na utumie curl, programu ndogo ya kuomba kurasa za wavuti:

curl -v -x 'http://jina:nenosiri@seva:poti' https://example.com

Ikipita, kasoro iko kwenye mipangilio ya programu. Ikigoma, kagua nenosiri herufi kwa herufi. Alama ya @ ndani yake huvuruga anwani, kwa hiyo iandike %40. Nukta pacha ni %3A, na # ni %23. Nafasi tupu iliyonakiliwa mwishoni nayo huleta 407, na jicho haliioni.

Ziko proksi zinazokutambua kwa anwani ya IP uliyosajili, bila nenosiri. Hapo ndipo wanaotumia bando la simu Kisumu au Nakuru hutaabika: anwani hubadilika, tena hutumiwa na wateja wengi kwa pamoja. Asubuhi inakubali, jioni inakataa. Ni heri nenosiri, au uhamishie programu kwenye seva yenye IP ya kudumu.

Chrome nayo ina ukaidi wake. Jina na nenosiri ukivibandika kwenye --proxy-server, chaguo la kuipa proksi inapowashwa, haivitumii. Ukiiendesha kwa msimbo kupitia Puppeteer, ita page.authenticate() kabla ya page.goto(); Playwright, zana nyingine ya aina hiyo, ina username na password ndani ya mpangilio wa proxy. SOCKS5, aina nyingine ya proksi, ikiwa na nenosiri Chrome haiiwezi kabisa. Omba poti ya HTTP.