Kuandika Tarehe na Saa kwa Kibodi katika Programu za Ratiba

Mtu anayepanga miadi mingi kwa siku hutumia muda mwingi kushika kipanya, kufungua kalenda ndogo na kupekua miezi hadi aifikie siku anayoitaka, ilhali tarehe hiyo angeweza kuiandika kwa vitufe vichache tu. Kwa anayetumia kisoma skrini (programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini), au ambaye mikono yake haimruhusu kutumia kipanya, mara nyingi kibodi ndiyo njia kuu, na kwa hiyo inafaa ifahamike vizuri.

Kwanza tambua aina ya kisanduku kilicho mbele yako. Ukikuta tarehe imegawanywa katika vipande vya siku, mwezi na mwaka, kama ilivyo katika fomu nyingi zinazofunguliwa kwa Chrome, andika tarakimu mfululizo bila kuweka mkwaju (/). Ukiandika 4 kwenye mwezi, kishale kitahamia kipande kinachofuata mara moja, kwa kuwa hakuna mwezi unaoanza na 4 na kuendelea na tarakimu nyingine. Lakini ukiandika 1, programu itasubiri, kwa sababu huenda unataka 10, 11 au 12. Kwa hiyo Januari iandike 01. Kipande cha mwaka mara nyingi hupokea hadi tarakimu sita, hivyo usingoje kishale kiondoke chenyewe baada ya 2026, bali bonyeza Tab. Mishale ya juu na chini hubadilisha thamani ya kipande ulichomo, na ya kushoto na kulia hukupeleka kwenye kipande kingine.

Kisanduku kinachopokea maandishi huru kinahitaji uangalifu zaidi. Ukiandika 03/04/2026, programu yenye mipangilio ya Marekani itasoma tarehe 4 Machi, na yenye mipangilio ya Uingereza itasoma tarehe 3 Aprili, wala hakuna itakayokuonya. Hatari yake hasa ni kwamba kosa hujificha: siku inapozidi 12, programu nyingi hutambua upesi kipi ni siku na kipi ni mwezi, kwa hiyo mtumiaji huzoea kuiamini hadi siku ndogo inapomponyoka. Mimi hupendekeza mpangilio wa ISO 8601, kiwango cha kimataifa kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, ambao hutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2026-03-04. Baada ya kuandika, bonyeza Tab ili utoke kwenye kisanduku, kisha soma jina la siku ambalo programu imelionyesha. Tarehe 4 Machi 2026 ni Jumatano. Ukiona Ijumaa, umeandikiwa Aprili.

Mwaka uandikwe kwa tarakimu nne daima. Katika matoleo mengi ya Excel, programu ya majedwali, kwa mipangilio ya kawaida, 29 husomwa kuwa 2029, lakini 30 husomwa kuwa 1930. Humo humo, Ctrl na nukta-mkato (;) huingiza tarehe ya leo, na ukiongeza Shift utapata saa ya sasa. Thamani hizo hazitabadilika ukifungua faili kesho.

Baadhi ya programu hukubali umbali badala ya tarehe. Katika Org, sehemu ya kihariri cha maandishi Emacs inayotunza kazi na ratiba, +3d ni siku tatu kuanzia leo, na ++3d ni siku tatu kuanzia tarehe iliyokuwa imeandikwa tayari, tofauti ambayo ni muhimu sana unapoahirisha miadi.

Kwa saa, tumia mfumo wa saa 24 kila unapokubaliwa: 14:30 haina utata. Kisanduku kikitaka AM au PM, herufi A au P pekee kwa kawaida hutosha, nawe ukumbuke kuwa 12:00 AM ni usiku wa manane na 12:00 PM ni adhuhuri. Saa 00:00 huanzisha tarehe, haiifungi. Mkutano unaokwisha 00:00 ya tarehe 5 unakwisha usiku wa kuamkia tarehe hiyo. Orodha inayoonyesha nusu saa nusu saa isikuzuie, kwani nyingi hukubali uandike 14:10 moja kwa moja.

Andika mwanzo kabla ya mwisho, kwa kuwa programu nyingi husogeza mwisho zenyewe pale mwanzo unapobadilika.

Kalenda ndogo ina faida unapotafuta siku ya juma bila kuijua tarehe yake. Katika Chrome kwenye Windows, Alt na mshale wa chini huifungua. Katika kalenda zilizotengenezwa kwa kufuata mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, mishale husogea siku kwa siku au juma kwa juma, Page Up na Page Down hubadilisha mwezi, na ukiongeza Shift hubadilisha mwaka. Enter huchagua, na Esc hufunga bila kugusa tarehe iliyokuwapo.