Kutia rangi kipokezi cha kifo CD95 kwenye damu: mwongozo kwa maabara za Kanda ya Ziwa

Seli kuwa na CD95 hakumaanishi kwamba inakufa. Kosa hilo ndilo linaloharibu ripoti nyingi, kwa hiyo tulimalize mapema. CD95, au Fas, ni kengele iliyofungwa mlangoni; kuiona hakukuambii kama kuna aliyeibonyeza. Fas-L, molekuli inayojishika kwenye Fas, ikiibonyeza, FADD na kaspasi 8 (protini zinazopitisha amri ya kifo) hukusanyika upande wa ndani, na hapo ndipo seli huanza kujiua. Anayetaka kuhesabu zinazokufa aandae tyubu nyingine ya aneksini V, protini inayojishika kwenye seli zinazoanza kufa.

Kingamwili ya kununua ni kloni DX2, IgG1 ya panya, iliyobandikwa PE, rangi inayong'aa ikipigwa leza ya saitomita ya mtiririko (mashine inayosoma seli moja moja). Usije ukaletewa CH11: hiyo ni IgM inayochochea kifo chenyewe, na itakuulia seli unazotaka kuzisoma. Mzigo ukitoka Dar kwa ndege, chupa isigusane na barafu, kwa kuwa PE ikiganda imekwisha. Itunze kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, gizani. Umeme ukikatika, usifungue mlango wa friji kila dakika kwenda kuangalia.

Pamoja na CD95 PE weka CD3 FITC (alama ya limfosaiti T), CD45RA APC (alama ya limfosaiti T ambazo bado hazijakutana na kisababishi ugonjwa) na 7-AAD ya kutambua seli zilizokufa; FITC na APC ni rangi kama PE. APC inahitaji leza nyekundu. Nyingine zote zinatosheka na ile ya buluu, ya nanomita 488.

Damu ichukuliwe kwenye tyubu ya EDTA, ikae kwenye joto la chumba na itiwe rangi ndani ya saa 24. Sampuli zinazovuka kwa kivuko kutoka Ukerewe zifungwe kwenye kasha lisilo na barafu, lisikae juani.

Kabla ya kazi yenyewe, pima kipimo cha kingamwili. Lebo husema maikrolita 5 kwa kila tyubu, lakini mara nyingi nusu yake inatosha na hela inabaki. Jaribu 5, 2.5, 1.25 na 0.6 kwenye damu ya mtu mmoja, ujazo ule ule, kisha chagua kiasi kinachotenganisha vizuri zaidi seli zenye CD95 na zisizo nayo. Kile kinachowaka kuliko vyote si lazima kiwe bora, kwani zile zisizo nayo nazo hupanda.

Chukua maikrolita 100 za damu, ioshe mara mbili kwa mililita 2 za bafa (PBS yenye serumu ya ndama asilimia 2 na EDTA milimola 2), ukizungusha kwa 300 g, dakika 5. Hiyo g ni nguvu ya mzunguko, si mizunguko kwa dakika. Kokotoa kwa mashine yako. Tunaosha kwa sababu plazma ina Fas inayoelea, nayo inaweza kukunyakulia kingamwili. Rudisha ujazo uwe maikrolita 100, tia kingamwili tatu, changanya, weka gizani nyuzi 4 kwa dakika 30. Baridi inazuia seli kumeza kipokezi.

Kisha ongeza mililita 2 za kiyeyusha chembe nyekundu: amonia kloridi gramu 8.02, sodiamu baikaboneti 0.84 na EDTA 0.37 kwa lita moja ya maji. Subiri dakika 10. Ukishika tyubu mbele ya taa, damu nzito isiyopitisha mwanga hugeuka kuwa nyekundu angavu kama juisi ya rosela. Hapo zungusha, mwaga, osha mara moja. Usitumie kiyeyusha cha dukani chenye fomaldehaidi, kwani kinatoboa seli zote na 7-AAD itakuambia kila seli ni maiti. Malizia na maikrolita 5 za 7-AAD, dakika 10 gizani, usioshe, upeleke kwenye mashine.

Tyubu za kulinganishia ni hizi: isiyo na rangi; moja kwa kila rangi kwa ajili ya fidia, yaani kuondoa mwanga wa rangi moja unaovujia chaneli ya nyingine (ya 7-AAD ichanganywe na seli zilizochemshwa nyuzi 65 kwa dakika 5); na moja yenye zote isipokuwa CD95. Hii ya mwisho ndiyo inayokupa mstari wa kutenganisha seli zenye CD95 na zisizo nayo. PE humwagikia sana chaneli ya 7-AAD, na fidia ikikosewa, seli zenye CD95 nyingi zitahesabiwa zimekufa.

Kusanya angalau matukio (seli zilizosomwa na mashine) 20,000 ya CD3. Jipime hapo hapo: seli za CD45RA ambazo hazijakutana na kisababishi ugonjwa ziwe na CD95 chini, za kumbukumbu ziwe nayo juu. Zikiwa sawasawa, rangi haikushika au kipimo kilizidi.

Watu wa mwaloni, yaani wa ufukweni mwa ziwa, wana jambo lao. Kichocho hupandisha eosinofili, na eosinofili hung'aa zenyewe kwenye chaneli ya FITC, zikaonekana kama zina CD3. Chora geti (mpaka wa kuchagua seli) la limfosaiti kwa ukubwa na chengachenga za ndani kwanza, ndipo uende kwenye rangi. Maambukizi ya VVU nayo hupandisha CD95 kwenye limfosaiti T, kwa hiyo watu wa kulinganishia watoke kando ya ziwa hapa hapa, wawe wamepimwa kichocho na VVU.

Seli za kuotesha zinazoshika kwenye sahani zibandue kwa EDTA. Tripsini hukatakata vipokezi, ukabaki unalaumu kingamwili.