Jinsi ya kuomba ruhusa ya kutumia kazi ya mtu kwenye notsi za wanafunzi

Mwalimu, kabla ya kuandika barua, hakikisha kwanza kama unaihitaji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, kifungu cha 12, inakuruhusu kunukuu kazi ya mtu au kuitumia kama kielelezo cha kufundishia, mradi usipitilize kiasi na utaje chanzo na jina la mtunzi. Aya mbili ubaoni hazina neno. Kudurufu kitabu kizima ukawauzia wanafunzi ni habari nyingine, hata ukisema ni kwa ajili ya elimu. Na usijikinge na yale maelezo ya mtandaoni kuhusu "matumizi ya haki" (fair use); mengi yanaeleza sheria ya Marekani.

Kisha tazama leseni. Kazi yenye leseni ya Creative Commons (CC), yaani leseni ya wazi anayoiweka mwenye kazi mwenyewe, imeshatolewa ruhusa, wewe unatii masharti tu, nayo huonyeshwa kwa herufi. BY: mtaje mtunzi. SA: ukiirekebisha, toleo lako nalo libebe leseni ileile. NC: hakuna biashara, kwa hiyo notsi za tuisheni za kuuza haziingii. ND: usisambaze kazi uliyoirekebisha. Hii ndiyo inayotunasa sisi wa Kiswahili, kwa sababu kutafsiri ni kurekebisha. Ukigeuza makala ya Kiingereza yenye ND kisha ukaisambaza, umevunja leseni ingawa hukugusa hata hoja moja. Hapo lazima uombe.

Chini ya picha andika kichwa chake, jina la mpiga picha, ilikotoka, leseni (kwa mfano CC BY-SA 4.0) na viungo vya mtandaoni vya picha na leseni. "Imetoka Google" si chanzo.

Sasa barua. Mwenye haki humpata kwenye ukurasa wa mwanzoni wenye alama ya ©. Mara nyingi ni mchapishaji, si mwandishi. Ukikwama, waulize COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kwa Kenya ni KECOBO, bodi ya hakimiliki, na habari za kudurufu vitabu zina KOPIKEN, chama kinachosimamia haki za kunakili.

Barua ya "naomba kutumia kitabu chenu kufundishia" haijibiki, kwa kuwa anayeisoma hajui anaombwa nini. Andika hivi: "Naomba ruhusa ya kudurufu ukurasa wa 42 hadi 45 wa toleo la pili, nakala 60, kwa wanafunzi wa Kidato cha Tatu, muhula huu, bila kuuza. Jina la mwandishi na lenu yatatajwa kwenye kila nakala." Kama utazituma pia kwenye kundi la WhatsApp, liseme hilo humohumo, ruhusa ya karatasi si ruhusa ya simu.

Wiki mbili zikipita kimya, kumbusha. Hapa kunyamaza si kukubali. Wakikataa, eleza mada kwa maneno yako mwenyewe, maana wazo halina hakimiliki. Wakikubali kwa mdomo, waombe wakutumie hata ujumbe mfupi, uutoe kwenye karatasi na uuweke kwenye faili la notsi hizo. Ukihamishwa shule, atakayeulizwa ni mwalimu atakayepokea darasa lako.